Mkono, Sauti na Jirani: Kujihami Bila Silaha katika Ukanda wa Dhahabu

Kujihami bila silaha, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni jumla ya stadi chache za macho, sauti na mwili ambazo mtu wa kawaida, asiye askari wala mwanamichezo, hujifunza ili aweze kuitambua hatari mapema, kumzuia mshambuliaji kwa muda mfupi, na kuondoka akiwa hai. Lengo la stadi hizo si kumshinda adui wala kumwadhibu, na mwalimu anayemwahidi mwanafunzi wake ushindi humpotosha. Katika ukanda unaoanzia Shinyanga mjini, ukapitia Kahama na Kakola, hadi kufika Nyarugusu, Rwamgasa na Geita, mafunzo ya namna hii yanahitajika kuliko yanavyopatikana. Lakini yana sharti moja ambalo mafundisho ya michezo ya mapigano hayalitilii mkazo wa kutosha, nalo ni kwamba mkono wa anayeshambuliwa hufaa zaidi pale ambapo yupo jirani anayesikia na anayekuja.

Dhahabu imeubadilisha ukanda huu kwa kasi kubwa. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, ule wa Bulyanhulu ulioko Kakola ukafuata mwaka 2001, na Mkoa wa Geita wenyewe ukaundwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka mikoa jirani. Hata hivyo, kinachogusa zaidi usalama wa mtu mmoja mmoja si migodi hiyo yenye uzio na walinzi, bali ni uchimbaji mdogo unaoizunguka. Dhahabu inapoonekana mahali, hutokea kile ambacho wachimbaji hukiita rashi, yaani mmiminiko wa ghafla wa watu, na katika muda mfupi pori hugeuka kuwa makazi ya maturubai yenye maduara, ambayo ni mashimo ya kuchimbia, makarasha, ambayo ni mashine za kusagia mawe, na mialo, ambako udongo wenye dhahabu huoshwa, pamoja na vibanda vya chakula, vilabu vya pombe na vyumba vya kupanga. Wakazi wengi wa makazi hayo hawajuani isipokuwa kwa majina ya utani. Mchimbaji aliyebahatika hubeba mfukoni kitu kidogo chenye thamani ya kazi ya miezi mingi, na mwanamke anayeponda mawe, anayechota maji au anayeuza chakula hulazimika kupita alfajiri na usiku katika vichochoro visivyo na taa, ambako muungurumo wa makarasha unaweza kuimeza sauti ya mtu anayeita umbali wa hatua chache tu.

Pamoja na hayo, ni kosa kudhani kwamba hatari yote hutoka kichochoroni. Utafiti wa kitaifa wa afya na uzazi wa mwaka 2015-16 ulionesha kuwa asilimia 40 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamewahi kupigwa au kuumizwa kimwili tangu walipotimiza miaka 15, na asilimia 17 walikuwa wamewahi kutendewa ukatili wa kingono. Na kwa wanawake walioolewa, mtendaji anayetajwa zaidi ni mume au mwenza. Darasa linalomfundisha mwanamke kumkabili mgeni gizani peke yake, bila kusema lolote kuhusu mtu anayelala naye nyumba moja, limeiacha nje sehemu kubwa ya tatizo analokuja kulitafutia dawa.

Kati ya hatari ya njiani na hatari ya nyumbani ipo nyingine ambayo imevaa vazi la mila. Katika maeneo ya Wasukuma umekuwapo utaratibu uitwao chagulaga, ambamo vijana kadhaa humfuata msichana, mara nyingi atokapo mnadani, kisimani au ngomani, wakamzingira na kumtaka achague mmoja wao. Wapo wazee wanaoueleza kuwa ulikuwa uchumba wa hadharani wenye adabu na mipaka yake, na huenda palikuwa na wakati ambapo mipaka hiyo ililindwa. Lakini msichana aliyezungukwa na wanaume watano njiani, asiyeruhusiwa kusema kwamba hamtaki hata mmoja, hana uchaguzi wowote, na jambo analofanyiwa halipaswi kuitwa uchumba. Uzito wa suala hili unaonekana vizuri zaidi ukikumbuka kwamba utafiti wa kitaifa wa afya na uzazi wa mwaka 2010 uliikuta Shinyanga ya wakati ule, kabla haijamegwa, ikiongoza nchini kwa ndoa za utotoni, ambapo asilimia 59 ya wanawake wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa msichana wa namna hiyo, somo la kwanza la kujihami halihusu ngumi. Linahusu haki ya kukataa kwa sauti inayosikika, na linahusu pia kaka zake, ambao wanapaswa kufundishwa kwamba kuzingira ni kushambulia hata kabla ya mkono wowote kumgusa mtu.

Ukanda huu, kwa bahati njema, una urithi wake wa ulinzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya Vita vya Kagera kuacha silaha nyingi mikononi mwa watu na wizi wa ng'ombe kushamiri, wanavijiji wa Kahama na Nzega waliunda vikundi vya sungusungu, ambavyo vilikuwa na viongozi wao, viapo vyao, mishale na filimbi, na ambavyo vilienea kwa haraka katika Usukuma na Unyamwezi kabla ya kutambuliwa na sheria ya mwaka 1989 iliyovihusisha na jeshi la mgambo. Kiini cha utaratibu huo hakikuwa mshale, bali mwano, yaani yowe la kuomba msaada, ambalo kila aliyelisikia aliwajibika kulipokea kwa yowe jingine na kukimbilia lilikotokea, na asiyeitika alihesabiwa kuwa ameikosea jamii nzima. Wajibu huo wa kuitika ndio unaopungua katika makazi ya rashi, ambako mpangaji husikia kilio cha chumba cha pili akakichukulia kuwa ugomvi wa watu na mambo yao. Mafunzo ya kujihami yatakayofaa Nyarugusu au Kakola ni yale yatakayoanza kwa kuurudisha wajibu huo, na ndipo yaingie katika viungo vya mwili.

Kwa sababu hiyo sauti hutangulia. Mtu anayeshtushwa huwa anabana pumzi, na aliyebana pumzi hawezi kuita wala kusukuma. Mazoezi ya kwanza, basi, ni kutoa hewa kwa nguvu kutoka tumboni huku akitamka neno fupi. Maneno yenyewe yanahitaji kuchaguliwa mapema. Mwanamke anayeburutwa kichochoroni akilia tu anaweza kupitwa na watu wanaodhani ni mke na mume, ilhali anayesema "Simjui mtu huyu! Niache! Mama Neema, njoo!" anawaondolea wapita njia udhuru wao, anamtaja mtu mahususi ambaye hataweza kujificha ndani ya umati, na anamjulisha mshambuliaji kwamba jambo lake limekwisha kuwa la hadhara. Lipo neno moja ambalo halifai kupigiwa kelele ovyo, nalo ni "mwizi", kwa kuwa katika mitaa mingi ya Tanzania neno hilo huita kundi lenye mawe na matairi, na aliyeokolewa anaweza kujikuta ameshuhudia mauaji ya mtu ambaye huenda hata siye. Pale ambapo makarasha huzishinda sauti zote, filimbi ya bei ndogo iliyofungwa kwenye kamba ya ufunguo hufanya kazi ambayo koo haliwezi, na wazee wa sungusungu walilijua hilo zamani.

Pamoja na sauti huenda umbali. Anayemshuku mtu anayemkaribia hufundishwa kusimama huku mguu mmoja ukiwa nyuma kidogo, magoti yakiwa yamelegea, na viganja vikiwa wazi mbele ya kifua, mkao ambao kwa mtazamaji unaonekana kuwa wa kusihi na kutuliza, lakini ambao kwa hakika umekwisha kuweka mikono kati ya uso na hatari. Mkao huo una faida mbili zinazostahili kuangaliwa kwa makini: hauchokozi ugomvi ambao ungeweza kumalizwa kwa maneno, na shahidi aliyeuona atasema kweli kwamba aliyeshambuliwa ndiye aliyekuwa akiomba aachwe.

Ikiwa maneno hayakufaa, mbinu zinazobaki ni chache, na uchache huo ni jambo jema, kwa sababu mwili wenye hofu hauna nafasi ya kuchagua kati ya mbinu thelathini. Mkono ulioshikwa hunasuliwa kwa kuuzungusha kuelekea upande wa kidole gumba cha mshikaji, ambako kidole kimoja hukabiliana na mkono mzima, huku mwili wote ukipiga hatua kurudi nyuma badala ya kuuachia mkono peke yake kazi yote. Aliyefumbatwa kwa nyuma hushusha uzito wake kwa kuchuchumaa kidogo, hukanyaga kwa kisigino juu ya unyayo wa mshambuliaji, hupiga kiwiko kuelekea mbavu au kichwa kuelekea pua, na hugeuka. Aliyepigwa kabali, yaani aliyezungushiwa mkono shingoni, ana sekunde chache tu kabla ya kupoteza fahamu, kwa hiyo jambo la kwanza ni kuzamisha kidevu kuelekea kwenye kiwiko cha mkabaji na kuuvuta mkono ule chini kwa mikono yote miwili ili hewa na damu vipate njia, na mambo mengine yafuate baadaye. Aliyeangushwa hubaki chali huku miguu ikimwelekea mshambuliaji, akipiga kwa nyayo kwenye muundi na goti, hadi apate nafasi ya kuinuka.

Katika kupiga, kiganja kilicho wazi hupendekezwa kuliko ngumi, kwa kuwa mifupa ya vidole ni midogo na ngumi ya asiyezoea huvunjika kwenye fuvu gumu, wakati sehemu ya chini ya kiganja, karibu na kifundo cha mkono, inaweza kupiga pua au kidevu bila kumuumiza mpigaji. Macho, pua, koo, kinena na goti ni sehemu ambazo hata mtu mwenye misuli mikubwa hawezi kuzikomaza, na ndiyo sababu mwanamke mdogo wa umbo ana nafasi mbele ya mwanamume mzito. Ila mapigo ya machoni na kooni yanaweza kupofusha au kuua, na mwalimu mwaminifu huyafundisha pamoja na onyo kwamba ni ya saa ya kuokoa maisha tu. Baada ya pigo kinachofuata ni kukimbia, na kukimbilia penye watu na mwanga, hata kama mahali penyewe ni kilabu cha pombe.

Jambo moja linahitaji kusemwa waziwazi kwa sababu limewaumiza wengi. Baadhi ya wanaoshambuliwa hawakimbii wala hawapigani. Mwili wao huganda, ulimi huwa mzito, na miguu hukataa amri. Hali hiyo ni itikio la asili la mwili mbele ya hofu kuu, si woga wa tabia wala si ridhaa, na polisi, hakimu, mzazi au mume anayemuuliza aliyebakwa kwa nini hakupiga kelele anamwongezea jeraha asilostahili. Mazoezi ya kurudiarudia hupunguza kuganda huko, lakini hayakuondoi kabisa, na lawama ya shambulio hubaki kwa mshambuliaji hata pale ambapo aliyeshambuliwa alisahau kila alichofundishwa.

Je, mafunzo haya yana matokeo yanayopimika? Ushahidi ulio karibu zaidi unatoka Nairobi, ambako wasichana wa sekondari katika mitaa ya mabanda walifundishwa kwa vipindi sita vya saa mbili kila kimoja, wakijifunza kutambua hatari, kukataa kwa maneno na kujinasua. Kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa mwaka 2013, waliosema kuwa wamelazimishwa kingono katika mwaka uliotangulia walikuwa asilimia 24.6 kabla ya mafunzo na asilimia 9.2 baada ya miezi kumi, wakati katika kundi la kulinganishia, lililopata somo la kawaida la stadi za maisha, hapakuwa na badiliko la maana. Nchini Kanada, utafiti wa vyuo vikuu wa mwaka 2015 uliotumia pia saa 12 za mafunzo ulikuta kwamba ubakaji katika mwaka uliofuata ulikuwa asilimia 5.2 kwa waliofundishwa na asilimia 9.8 kwa wasiofundishwa. Hesabu za namna hii hutegemea kauli za wahusika wenyewe na hazipaswi kufanywa ahadi, lakini zinatosha kuonesha kwamba saa 12, ambazo ni pungufu ya siku mbili za kazi mgodini, zinaweza kubadili maisha.

Katika jiji hilohilo la Nairobi, mtaani Korogocho, kikundi kiitwacho Shosho Jikinge kimewakusanya wanawake wazee, wengi wao wakiwa wamepita miaka 60, ili wajifunze kupiga, kupangua na kupaza sauti, kwa kuwa walikuwa wakilengwa na wabakaji. Tanzania nayo haikosi walimu wala historia ya elimu hii: katika miaka ya 1970 Mmarekani mweusi Nantambu Camara Bomani alianzisha mafunzo ya karate ya mtindo wa Goju Ryu katika Shule ya Zanaki, Dar es Salaam, na wanafunzi waliotokana na mbegu hiyo wameisambaza mikoani. Karate ya ukumbini, hata hivyo, huchukua miaka na huwavuta zaidi vijana wa kiume wa mjini, kwa hiyo mwalimu wa karate anayetaka kuwafaa mama lishe wa Rwamgasa hana budi kuacha mikanda na mashindano, akachagua mambo sita au saba atakayoyarudia mpaka yazoeleke.

Sasa ni lazima kugeukia yale ambayo mikono mitupu haiyawezi, kwa sababu katika ukanda huu yasiponenwa mafunzo yatakuwa hatari. Mbele ya jambazi mwenye panga au bunduki anayetaka simu, fedha au dhahabu, stadi sahihi ni kutoa anachotaka, kumtupia upande mmoja na kuondoka kuelekea upande mwingine. Mbele ya mume mpigaji, pigo la kujibu linaweza kuzidisha kipigo, na kilicho muhimu zaidi ni mpango uliofikiriwa siku ya utulivu: kuepuka jiko na chumba kisicho na mlango wa pili wakati maneno yanapopanda, kuhifadhi vyeti na nauli kwa mtu mwaminifu, na kukubaliana ishara na jirani.

Watu wenye ualbino, ambao tangu mwaka 2007 waliuawa na kukatwa viungo katika mikoa ya Kanda ya Ziwa kwa sababu ya imani kwamba viungo vyao huleta utajiri, ikiwemo bahati ya dhahabu, hushambuliwa na makundi yenye silaha, mara nyingi usiku, na wengi wao wana uoni hafifu. Hali kadhalika vikongwe wa Usukuma, ambao wameuawa kwa tuhuma za uchawi kwa sababu tu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa miaka mingi ya kupikia kinyesi cha ng'ombe na kuni mbichi. Kumwambia bibi wa miaka 70 ajifunze kupangua panga ni kumkosea heshima. Ulinzi wake ni mlango imara, mjukuu anayelala naye, filimbi, kitongoji kinachoitika, na dola inayomkamata mpiga ramli aliyemtaja. Kwamba watoto wenye ualbino walilazimika kuhamishiwa katika kituo cha Buhangija, Shinyanga, wakaishi mbali na mama zao ili wawe salama, ni kipimo cha jinsi jamii ilivyoshindwa kuitika, na hakuna darasa la mikono litakaloziba pengo hilo.

Sheria nayo ina mipaka ambayo kila anayefundishwa anapaswa kuijua. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, katika vifungu vyake vya 18 hadi 18C, humpa kila mtu haki ya kujilinda mwenyewe, kumlinda mwingine na kulinda mali, lakini kwa nguvu ya kadiri inayohitajika tu. Anayepitiliza huwajibika kwa madhara anayoyasababisha, na anayeua kwa nguvu iliyopitiliza huwa na hatia ya kuua bila kukusudia. Yapo mazingira machache, kama vile hofu ya msingi ya kuuawa au kubakwa, ambamo hata kifo cha mshambuliaji kinaweza kuingia ndani ya haki hiyo. Kwa lugha ya mtaani, haki hudumu maadamu hatari inadumu: pigo la kujinasua ni halali, lakini teke la kumi kwa mtu aliyekwisha kuanguka ni kosa, na kuitikia mwano kwa kumzunguka mtuhumiwa na kumchoma moto ni mauaji. Sungusungu wenyewe walilaumiwa kwa kupiga na kutesa, na yeyote anayetaka kuuhuisha mwano hana budi kuufunga tangu siku ya kwanza kwa sharti kwamba waitikiao humwokoa mmoja na humkabidhi mwingine kwa vyombo vya dola akiwa mzima.

Aliyeshambuliwa anapaswa kufahamu kabla, si baada, kwamba polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, kwamba namba 112 ni ya dharura na 116 ni ya kusaidia watoto, na kwamba fomu ya polisi iitwayo PF3 ndiyo inayounganisha matibabu na ushahidi. Aliyebakwa asioge wala kufua nguo alizovaa kabla ya kuchunguzwa, na afike kituo cha afya mapema iwezekanavyo, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hufaa zikianzwa ndani ya saa 72. Kwa mkosaji, sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 iliweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa ubakaji wa mtu mzima, adhabu ambayo hubaki karatasini ikiwa familia zitamalizana kwa ng'ombe na ushahidi ukapotea.

Linabaki suala la mahali pa kufundishia. Shule zina uwanja na walimu wa michezo, vikundi vya kuweka na kukopa vina wanawake wanaokutana kila wiki, na vijiwe vya bodaboda vina vijana ambao ni walinzi wa asili wa barabara za usiku wakielimishwa. Ugumu uko kwenye rashi, ambayo huweza kuhama kabla ya darasa kumalizika, kwani duara likikauka au mgodi ukifungwa wanafunzi wote hutawanyika. Wanaofuata kila rashi bila kukosa ni mama lishe, kwa kuwa wachimbaji lazima wale, nao ndio wanaofahamu kila sura mpya na kila kichochoro. Wakifundishwa wao kwanza, wakapewa filimbi na wakazoezwa kuwafundisha wenzao jioni baada ya masufuria kuoshwa, saa hizo 12 zitahama pamoja na dhahabu.